Pekosi ya Babu, Modo ya Mjukuu

Kumi la mwisho la Ramadhani, duka la ushonaji la ami yangu pale Mkunazini, Unguja, lilikuwa halilali. Mimi nilikuwa bado najifunza kazi: nafumua nyuzi, natia vifungo, nawasha pasi ya makaa. Kila kijana aliyeingia baada ya tarawehe alitaka suruali ya modo, ibane kutoka pajani mpaka kifundoni. Suruali bwanga za mitumba, zilizonunuliwa Darajani, zilirundikana hadi chini ya cherehani zikisubiri kupunguzwa.

Usiku mmoja akaingia mzee na mjukuu wake, ameshika suruali ya kahawia iliyokunjwa ndani ya kanga. Pekosi! Kiuno juu, paja limebana, chini pana kama tarumbeta. Ami aliipokea kwa mikono miwili. Yeye na mzee yule walikuwa vijana miaka ya 1970, suruali hizo zilipopigwa marufuku Unguja. Mzee alisema yake ilikaa sandukuni miaka yote ile, chini ya kanzu za marehemu baba yake.

"Mjukuu wangu anaitaka kwa sikukuu, lakini ati chini imezidi," alisema. "Gusa hapo tu, fundi. Juu usitie mkasi."

Nikapewa wembe. Uzi ulikuwa bado mgumu, na ndani ya mshono, jua lisikofika, rangi ilikuwa mbichi kabisa.

Kijana akaivaa, ami akampachika pini kuanzia gotini kwenda chini.

"Bana zaidi, fundi."

"Haya, sujudu."

Tukamtandikia mkeka. Rukuu ilipita. Kwenye sijida mshono wa nyuma ukalia, pini mbili zikachomoka.

"Na hiyo ndiyo ya kusalia Idi?" babu yake akauliza.

Ami aligeuza suruali nje ndani, akanionyesha akiba ya kitambaa ambayo fundi wa kwanza aliiacha kwenye mshono wa nyuma, karibu vidole viwili kila upande. Nguo nyingi za siku hizi hazina akiba hiyo, na kwangu huo ni upungufu mkubwa kuliko mtindo wowote unaolaumiwa na wazee. Akaachia nyuma, akalegeza kidogo gotini, chini akabana vile vile kijana alivyotaka.

Akasujudu tena. Kimya, hakuna uzi uliokatika. Mzee akacheka kwa furaha, akalipa bila kuomba apunguziwe.

Hawajavuka kizingiti, kijana mwingine akaingia na jinzi bwanga begani. Kabla hajafungua mdomo, mimi nilishatandika mkeka.