Matuta ya Arusha, tiketi ya Geita

Julai 2, 2022, fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam Sports ilipigwa Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha: Yanga na Coastal Union. Pale mzunguko nilipokaa, wengi walikuja kuona Yanga wakifunga hesabu. Ngao ya Jamii walishaibeba, ligi wameimaliza bila kupoteza hata mechi moja, lilibaki hili tu.

Abdul Suleiman 'Sopu' wa Coastal akawatibulia mapema. Feisal Salum wa Yanga alichomoa kipindi cha pili, Heritier Makambo akaweka la pili, na watu wakaanza kuimba kabla ya wakati. Zikiwa zimebaki dakika chache Sopu akasawazisha. Muda wa nyongeza Sopu tena, la tatu lake na la tatu la Coastal. Denis Nkane wa Yanga akachomoa: 3-3, na ikabidi kwenda kwenye matuta, yaani mikwaju ya penalti. Mchezaji anafunga mabao matatu kwenye fainali na bado kombe haliendi kwao. Ligi haina ukatili wa namna hiyo, maana sare ingempa walau pointi moja.

Hapo ndipo kombe la mtoano linapoonyesha sura yake. Refa hurusha sarafu mara mbili: kwanza kuchagua goli litakalotumika, kisha mshindi wa kura ya pili huamua kama timu yake ianze kupiga au ifuate. Wachezaji wote hubaki ndani ya duara la kati isipokuwa mpigaji na makipa. Msaidizi mmoja wa refa hukaa nao pale, mwingine yuko kwenye mstari wa goli akichunga miguu ya kipa, kwa sababu mpira unapopigwa ni lazima walau sehemu ya mguu wake mmoja iwe juu ya mstari, usawa wake au nyuma yake. Akitoka mapema akaokoa, penalti inarudiwa na kipa anaonywa.

Yule kipa wa pili ndiye niliyemtazama sana. Sheria inamtaka asimame pale mstari wa goli unapokutana na mstari wa boksi, mita kama ishirini kutoka kwa mwenzake, na haruhusiwi kufanya lolote zaidi ya kuona mchezaji wake akipiga.

Matuta yaliisha 4-1, kombe likaenda Yanga. Matokeo hayo hayawezi kupatikana kwa penalti tano kamili kila upande. Tofauti ikishakuwa kubwa kuliko mikwaju iliyobaki, refa anamaliza. Kwa hiyo kuna mpigaji aliyepangwa wa tano ambaye hakuondoka duarani. Makocha wanaomwekea fundi wao nafasi hiyo huwa siwaelewi.

Waliokuwa na presha kuliko sisi mle uwanjani, nadhani, ni watu wa klabu ya Geita Gold. Tanzania ilikuwa na nafasi nne kwenye mashindano ya CAF, shirikisho la soka la Afrika: mbili Ligi ya Mabingwa, mbili Kombe la Shirikisho la Afrika. Yanga na Simba walishachukua zile za mabingwa. Azam, wa tatu kwenye ligi, walikuwa na yao. Ya nne ilikuwa ya bingwa wa kombe hili. Bingwa huyo akiwa tayari anakwenda Ligi ya Mabingwa, nafasi haishuki kwa aliyefungwa fainali, inarudi kwenye msimamo wa ligi. Wa nne alikuwa Geita Gold. Yaani kila penalti ya Yanga iliyoingia ilikuwa inaisogeza Geita Afrika, na wao hawakuwa hata na mchezaji mmoja uwanjani.

Jirani yangu mwenye jezi ya Coastal hakuamini nilipomweleza. "Sisi tumefika fainali, wanakwenda wao?" Ndiyo, na msimu uliofuata Geita wakacheza Kombe la Shirikisho la Afrika. Coastal walisubiri hadi 2023/24, na tiketi yao nao haikutoka kwenye kombe: walimaliza ligi nafasi ya nne.