Siku yangu na watoto wa baraza (leo kesi ya stika)

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nishaswali, mahamri yako mezani lakini akili iko kwa kesi. Leo baraza la wanafunzi, lile linaloamua makosa ya wenzao, linakaa na mimi ndio mwalimu mlezi, wenzangu walikataa wakisema tutazalisha mawakili tu.

Saa moja kasorobo. Nakata vichochoro vya Langoni, hapa Amu (Lamu), kwenda skuli, punda wenye matofali wameziba njia, basi nasimama napitia faili. Kijana wa fomu thrii alimpiga picha mwenzake kalala ndani ya boti ya Matondoni, mdomo wazi, akaigeuza stika ya WhatsApp, kufika usiku grupu zima la darasa linaituma kila saa. Mwenye sura yake akakaa siku mbili haji skuli.

Saa nne, chai. Kuna mzee mmoja stafurumu kila baraza likikaa lazima aniulize henzerani ilikuwa na ubaya gani. Mzee wangu, viboko vilipigwa marufuku skuli za Kenya tangu 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, imekataza kumpiga mwanafunzi na hata kumtesa kiakili. "Haya, endeleeni na korti yenu." Sawa tu, Marekani korti za vijana kuamua kesi za vijana wenzao ni jambo la zamani, ile ya Odessa, Texas ilianza 1983, na sisi tumechukua mawili matatu huko. Mkosaji akubali kosa kwanza, manake baraza halipelelezi nani kafanya, linaamua kitafanywa nini. Madawa, kuumizana, mambo ya kudhalilishana kimwili, hayo hayakanyagi hapa, ni kwa diputi, naibu mwalimu mkuu, moja kwa moja na ikibidi afisa wa watoto.

Mchana ni vipindi tu, na joto.

Saa tisa na robo. Madawati tumeyapanga duara. Wa kwanza kufungua mdomo: "Asimamishwe wiki mbili!" Mwengine: "Aoshe vyoo muhula mzima!" Wallahi hawa watoto ni wakali kutushinda sisi walimu, kazi yangu kubwa ni kuwapunguza moto. Bahati mwenyekiti wetu, msichana wa fomu foo, ana utulivu wake. "Ngojeni, aliyefanyiwa hajaulizwa anataka nini."

Aliyepigwa picha anachezea kifungo cha shati weee, halafu: "Mimi nataka babangu asiione." Kumbe nahodha wa ile boti ndio babake, na yeye alilala vile kwa sababu usiku kucha walikuwa baharini wanavua. Aliyetengeneza stika hakujua hata moja, akainamisha kichwa.

Alasiri ikaadhiniwa, tukaenda tukarudi, wakaamua. Aandike mwenyewe kwenye grupu kila mtu aifute, amnakilie mwenzake noti za siku alizokosa, na kesi mbili zijazo akae yeye barazani aamue za wengine. Hilo la mwisho ndilo lililomtoa jasho.

Saa mbili usiku. Mamake aliyetengeneza stika kanipigia. "Madam, mwanangu ahukumiwe na watoto wenziwe?" Nikamwambia mama, kwa diputi angerudi nyumbani na barua. Kimya kidogo, kisha: "Na hiyo kazi ya ujaji wanapewa cheti?"

Saa tatu napanga kesi ijayo, wasichana wawili waliogombania kiti. Sheria yetu jaji asiwe ndugu wa mwenye kesi, na hapa Amu kila nikimshika mmoja ni binamu wa huyu, na mwengine shangazi yake kaolewa kwa kina yule. Nimebakisha majina matatu, moja sina uhakika nalo, nitamuuliza bibi yangu.