Nora alivyoacha kusema "Baba Ivar"

Nilidhani ni kazi ya siku mbili. Sehemu ya mwisho ya tamthilia ya Henrik Ibsen ya 1879, ile ya nyumba ya mwanasesere, niitafsiri kwa Kiswahili ili sisi wanne tuisome kwa sauti Jumamosi jioni. Nikakwama wiki nzima kwa swali moja: Nora amwite mumewe nani?

Kwa Kinorwe anamwita Torvald tangu mwanzo, na hakuna anayeshtuka. Nilikolelewa mimi, mke wa miaka minane mwenye watoto watatu hamwiti mumewe kwa jina tupu. Watoto ni Ivar, Bob na Emmy, basi nikaandika "Baba Ivar" kila mahali, na mambo yakatulia. Torvald naye humwita mkewe kindi. Mwenzetu mmoja aliposikia "kindi wangu" alicheka mpaka akakohoa, kwao kindi ni mwizi wa karanga. Nikaliacha hivyo hivyo. Nora mwenyewe anakula biskuti za lozi kwa kujificha, maana mume amezipiga marufuku.

Palipochemka ni kwenye deni. Mume aliugua, Nora akakopa kroner 4,800 kwa siri ili ampeleke Italia apone. Mke hakuweza kukopa bila idhini ya mume, hivyo ilitakiwa saini ya baba yake, na Nora akaighushi. Baba alikufa tarehe 29 Septemba. Saini ina tarehe 2 Oktoba. Marehemu kadhamini mkopo siku tatu baada ya kufa! Norwe ilikuja kumtambua mke kuwa mtu mzima kisheria mwaka 1888.

Siri inafichuka, mume anafoka kwamba mke kamharibia maisha na watoto hatawalea tena. Kisha hati ya deni inarudishwa, naye anapiga kelele za furaha. Niliandika "Nimeokoka!" nikaifuta, ilinukia mkutano wa injili. Nikaweka "Nimepona! Nora, nimepona!" Nora anauliza maneno mawili matatu tu: "Na mimi je?"

Hapo ndipo "Baba Ivar" ilipoanza kunikera. Nora anavua vazi la dansi, anarudi na nguo za kila siku, anamketisha mumewe na kumwambia kwamba leo ndiyo mara ya kwanza wanazungumza kwa dhati. Mume anamkumbusha kuwa yeye kwanza ni mke na mama. Anajibu kwamba kwanza ni mtu. Atasemaje hivyo huku kila sentensi inamfunga kwa jina la mtoto? Nikakumbuka yule mwigizaji wa Ujerumani, Hedwig Niemann-Raabe, aliyekataa kucheza mwisho ule, ambapo Nora anaondoka na kumwacha mume na watoto, kwa sababu yeye asingewaacha wanawe. Ibsen akaandika mwisho mwingine shingo upande: Nora anapelekwa kwenye mlango wa chumba cha watoto, anaishiwa nguvu, anabaki. Mwenyewe aliuita ukatili dhidi ya kazi yake.

Nikaifuta "Baba Ivar" kuanzia pale anaporudi na nguo za kawaida. Nikaweka Torvald.

Jumamosi, aliyesoma Nora alifika hapo: "Kaa, Torvald. Tuna mengi ya kuzungumza." Kaka aliyekuwa mume akainua macho kwenye karatasi.

"Dada, hapa umekosea kuchapa. Si Baba Ivar?"

"Sijakosea. Endelea."