Vumbi Chini ya Kava: Kutunza Ndani ya Pikapu ya Kazi

Pikapu ya kazi huchakazwa ndani na vumbi kuliko kitu kingine chochote. Mchanga wa barabara zetu umejaa chembe za kwatsi, madini magumu kuliko plastiki yoyote ya dashibodi, magumu hata kuliko chuma cha kawaida. Kwa hiyo kila kinachoteleza juu ya vumbi hilo kinakuwa msasa: kiuno cha dereva, soli ya buti, kitambaa cha kufutia, hata kava lenyewe la siti. Kava lililovishwa juu ya siti chafu linaisaga siti kimyakimya, na siku utakapolivua utakuta kitambaa cha chini kimeshapukutika. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wengi hununua makava kwanza na kusafisha baadaye.

Nitatumia mfano wa Toyota Hilux dabo kabini, usukani kulia, siti za kitambaa, gari linaloshinda saiti ya ujenzi na kurudi jioni na watu wanne wenye buti. Mwenye Land Cruiser pikapu, Navara au L200 atakutana na mambo yaleyale, vipimo tu ndivyo vitatofautiana.

Kusafisha kunaanza kukavu. Toa mati, sogeza siti mbele kabisa kisha nyuma kabisa, vuta vumbi kwa mashine, na kwenye matundu ya kiyoyozi na vitufe tumia brashi laini ya rangi ya inchi 1 huku mdomo wa mashine ukiwa karibu. Upepo wa kompresa unaopendwa kwenye sehemu za kuoshea magari siupendi hata kidogo ndani ya kabini. Unaondoa vumbi machoni na kulisukuma kwenye swichi, kwenye reli za siti na ndani ya kikunjio cha mkanda wa usalama, halafu baada ya miezi mkanda unarudi kwa kusuasua. Vumbi likishatoka ndipo maji yanaingia: lita 1 ya maji na kijiko kimoja cha chai cha shampuu ya gari, kitambaa cha maikrofaiba kilichokamuliwa vizuri, na ndoo ya pili ya kusuuzia. Kikunje mara nne na ugeuze upande kila unapomaliza eneo dogo. Kufuta dashibodi kukavu kwa fulana ya zamani ndiko kunakoleta ile mikwaruzo midogo ya duara kwenye kioo cha spidi na kwenye plastiki nyeusi ya kung'aa.

Saruji ina kanuni yake. Ikiguswa na maji kabla ya kuvutwa inaganda kwenye vinyweleo vya plastiki na kwenye nyuzi za kapeti, na hapo umejitengenezea plasta. Ivute kwanza, mara mbili. Ukungu mweupe unaobaki utoe kwa siki iliyochanganywa na maji, sehemu 1 kwa 10, kwa brashi laini, kisha futa kwa maji safi ili asidi isibaki kwenye reli na skrubu.

Sasa siti. Kwenye usukani wa kulia, siti ya dereva hufa kuanzia ukingo wa kulia, ule ulioinuka pembeni ya nyonga. Dereva anayeshuka mara 30 kwa siku anauburuza mwili wote juu ya ukingo huo, na mfukoni ana funguo, futi ya chuma, pengine plaizi. Kitambaa hukatika, sponji inaanza kumomonyoka, na fremu ya chuma inaanza kugusa paja. Vyovyote utakavyovisha siti, ukingo huu unahitaji tabaka la pili: kipande cha sentimita 15 kwa upana, kutoka usawa wa kiuno hadi chini ya kalio, kishonwe kabla kava halijaunganishwa. Mwambie fundi mshono usipite juu kabisa ya ukingo. Mshono ukikaa pale ndipo pa kwanza kukatika, kwa hiyo ushuke pembeni walau vidole vitatu.

Kuhusu kitambaa, nina upande wangu. Kwa gari la saiti nachagua turubai nene la pamba mchanganyiko au nailoni ile ngumu ya mabegi iliyoandikwa 600D, namba inayoonyesha unene wa uzi wake. Leza, yaani ngozi bandia, inafutika kirahisi na inafaa kwa gari la kubeba samaki au maziwa, lakini kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa dereva analowa mgongo, na leza ya bei ya chini inapasuka kwenye mikunjo ndani ya muda mfupi kwa kuwa mafuta yanayoilainisha yanatoka kwa jua. Ukiinunua, ipime dukani. Ikunje mara mbili na uibane kwa nguvu: ikiacha mistari myeupe, iache. Tazama mgongo wake pia, uwe na kitambaa kilichofumwa barabara, usiwe wavu mwepesi unaovutika kama soksi. Roli nyingi zina upana wa karibu mita 1.4, na kwa upana huo piga hesabu ya mita 2 kwa kila siti ya mbele na mita 4 kwa siti ndefu ya nyuma pamoja na vipumzishio vya kichwa. Uzi uwe wa polyesta au nailoni. Uzi wa pamba huoza kwa jasho, na kava zima linafumuka likiwa bado zima kitambaa.

Kava lazima libane. Kaa, jizungushe kama unayetazama nyuma, kisha shuka. Likihama zaidi ya upana wa kidole, linasaga. Ongeza kamba za chini, au bomba la plastiki la kusukumizwa kwenye mfereji kati ya mgongo na kikalio. Na kabla ya yote tazama ubavu wa mgongo wa siti. Ukiona kibandiko kilichoandikwa SRS AIRBAG, ndani kuna mfuko wa hewa unaotokea pale, na kava la kufunika ubavu wote litauzuia. Siti hiyo inataka kava lililoachwa wazi ubavuni, au lenye mshono maalumu wa kukatika wakati mfuko unapofumuka. Fundi wa mtaani hawezi kukisia mshono huo, hivyo kwake omba ubavu uachwe wazi.

Nailoni ya kiwandani, ile karatasi ya plastiki inayokuja imefunika siti mpya, nayo itoke. Najua tunavyoipenda, gari linabaki jipya machoni. Lakini inafungia jasho na unyevu chini yake, ukungu unaota, na mwili unateleza kwenye kona. Mchanga ulioingia kwenye pindo zake hauna pa kutokea.

Sakafu ndiyo yenye hasara kubwa kuliko zote, na haionekani. Chini ya kapeti kuna tabaka la sponji au pamba ya kuzuia kelele, nalo linanyonya maji kama godoro. Juu kapeti linakauka kwa siku moja. Chini maji yanakaa wiki. Bati linaanza kutu kutokea ndani, na soketi za waya zinazopita pembeni mwa sakafu zinaota ukungu wa kijani. Ndipo taa ya onyo inawaka na fundi umeme anahangaika kutafuta chanzo kwenye injini. Bonyeza karatasi ya chooni kwa kiganja kwenye kona za sakafu, mbele na nyuma. Ikilowa, fungua plastiki za kizingiti, inua kapeti, liegemeze juu ya vipande vya mbao na uache milango wazi juani siku mbili. Kisha tafuta maji yametoka wapi. Upande wa abiria wa mbele, mshukiwa wa kwanza ni bomba la kutolea maji ya kiyoyozi lililoziba kwa tope. Kwenye mlango, mara nyingi ni ile karatasi ya plastiki nyuma ya paneli iliyochanwa na fundi wa spika na kurudishwa hivyohivyo.

Mati nzuri ni ya mpira au plastiki laini, yenye kingo zilizopanda kama sinia, iliyokatwa kwa umbo la gari lako. Sinia hiyo inabeba tope la buti nane na unalimwaga nje. Ya dereva ifungwe kwenye ndoano zake za sakafuni, na kamwe usiweke mati juu ya mati. Mwaka 2009 Toyota iliita yarudishwe kurekebishwa magari yapatayo milioni 3.8 nchini Marekani kwa sababu mati iliweza kunasa pedali ya mafuta, kwa hiyo si jambo la kubahatisha. Injini ikiwa imezimwa, kandamiza kila pedali hadi mwisho, iachie, na uone inarudi bila kugusa mpira. Kartoni zinazotandikwa msimu wa mvua zitupwe jioni ileile. Zikilala zinageuka kitambaa kilicholowa juu ya kapeti. Anayenunua gari kwa ajili ya saiti tu aulizie lile la sakafu ya vinili badala ya kapeti: linapanguswa kwa dakika kumi.

Kizingiti cha mlango hupigwa na kisigino kila mtu anapopanda. Kama ni bati lililopakwa rangi, bandika filamu ya kinga ya uwazi yenye unene wa milimita 0.2 hivi. Safisha kwa spiriti, kata filamu ukiviringa pembe zake, kwani pembe kali ndiyo inayobanduka kwanza, na ubaki milimita 5 ndani ya ukingo. Nusu lita ya maji na matone manne ya shampuu ya watoto, pulizia pande zote mbili, laza filamu, sukuma maji kutoka katikati kwenda nje kwa kadi ngumu iliyovishwa kitambaa. Usioshe pale kwa siku mbili. Kama kizingiti ni plastiki yenye vinyweleo, filamu haitashika vizuri. Hapo weka bati la alumini lenye michongo, milimita 1.5, kingo zikiwa zimepigwa tupa, libandikwe kwa tepu ya povu ya pande mbili juu ya praima ya plastiki (dawa ya kusaidia gundi ishike), na liachwe siku tatu kabla ya kukanyagwa. Skrubu hazifai. Chini ya plastiki ile hupita fungu la waya za taa za nyuma na pampu ya mafuta.

Paneli za milango huumizwa na vitu viwili ambavyo watu hawavitazami: buti linalousukuma mlango ufunguke, na ulimi wa chuma wa mkanda unaorushwa ukabamizwa kati ya mlango na nguzo. La kwanza linatibiwa na kipande cha vinili sehemu ya chini ya paneli. La pili ni mkanda unaorudi polepole kwa uchafu. Uvute wote, ubane kwa klipu usirudi, usugue kwa maji ya sabuni laini, na uuache ukauke kabisa kabla ya kuuachia. Jiki haikaribii mkanda, inadhoofisha nyuzi.

Dashibodi inataka kivuli kuliko inavyotaka mafuta. Zile dawa za kung'arisha zenye silikoni hukamata vumbi, na jua likiwa mbele zinaakisi kwenye kioo hadi barabara inafifia. Chukua dawa ya maji isiyong'aa, yenye kinga ya mionzi ya jua, na ngao ya karatasi ya fedha kwenye kioo kila gari linaposimama. Zulia la manyoya la dashibodi kama lazima liwepo lisigundishwe, na lisifunike mfuko wa hewa wa abiria wala matundu ya kupulizia kioo. Usukani na mpini wa gia mara nyingi hunata kwa sababu ya vitakasa mikono vyenye spiriti na dawa ya mbu yenye DEET, ambayo inayeyusha plastiki nyingi. Dereva ajipake nje, asubiri ikauke, afute viganja, ndipo aingie.

Mzigo wa siti ya nyuma ufungwe, hata kama ni ndoo moja ya misumari. Betri ya gari isisafirishwe juu ya siti bila beseni la plastiki. Asidi iliyomwagika inatoboa kitambaa baada ya siku kadhaa, ukiwa umeshasahau.

Mkwaruzo ulioacha alama nyeupe kwenye plastiki ngumu mara nyingi hufifia kwa joto. Tumia mashine ya kukaushia nywele, sentimita 10 kutoka kwenye plastiki, ukiisogeza bila kusimama hadi weupe urudi rangini. Ukisimama mahali pamoja, vinyweleo vya plastiki vinayeyuka na doa la kung'aa halitoki tena. Kwa siti, tundu dogo kuliko kucha lishughulikiwe wiki hiyohiyo: pitisha kipande cha turubai nyuma yake kwa kibanio, paka gundi ya kitambaa, bana kwa kitu kizito usiku mzima. Likifika upana wa vidole viwili, sponji imeshaanza kutoka, na hapo ni kufungua siti nzima.