Siku moja na bata mzinga wangu, kijijini Donge, Unguja

Saa 10:30 alfajiri. Umeme umekatika, nami nimejua kwa vifaranga: wanalia kile kilio chembamba cha baridi. Nawamulika kwa simu, wote 14 wamerundikana pembeni, wa chini hoi. Wana siku tano tu. Wiki ya kwanza wanataka joto la nyuzi 35, ndipo unashuka nyuzi 3 hivi kila wiki. Natia makaa kwenye chungu, dirisha naliacha wazi.

Saa 1. Kifaranga wa bata mzinga anaweza kufa njaa na chakula kiko mbele yake, hajakitambua. Nimeazima gololi za mwanangu, nimezitia kwenye sahani ya maji: zinang'aa, anazidonoa, analowesha mdomo, na hazami. Chakula nachanganya na dagaa wa kusaga, maana protini ya chakula cha vifaranga vya kuku haiwatoshi.

Saa 3. Kazi yenyewe. Jioni anakuja mteja anataka dume mmoja na majike wanne, na nina 11 wa miezi minne. Mwaka jana nilimuuzia jirani "majike" watatu, wawili wakawa madume. Mpaka leo tukikutana kisimani ananiuliza, "Wale majike wako mbona wameota ndevu?" Kosa langu nilitazama nani anatanua mkia. Kumbe wakiwa wadogo hata jike hutanua!

Sasa nawashika mmoja mmoja. Kile kinyama cha juu ya mdomo: cha dume kinarefuka na kuning'inia, cha jike kinabaki kama kidole cha mtoto mchanga. Kichwa cha jike kina vinyoya mpaka utosini. Cha dume kipara, chekundu. Hawa wangu weusi wa mng'ao wa shaba natazama na manyoya ya kifuani: ncha nyeupe ni jike, nyeusi tupu ni dume. Hata kinyesi chini ya fito wanazolala kinasema, cha dume kirefu kimepinda mwishoni, cha jike kimejiviringa. Ila kwa kinyesi peke yake siuzi mtu.

Daladala imepiga honi barabarani, dume mkubwa kajibu gologologolo. Huyo hana mjadala.

Mchana nimefukuza kunguru, na kuku wa jirani mara tatu. Si uchoyo: kuku hubeba minyoo yenye vijidudu vinavyokula ini la bata mzinga, kuku mwenyewe akabaki mzima.

Saa 10 jioni mteja kafika. Kachagua, kabakisha jike mmoja, kanyoosha kidole.

"Mama, na huyu?"

"Huyo mwache, mwanangu. Kifua kinasema jike, miguu minene inasema dume. Rudi mwezi ujao."

Kaondoka na wanne, kanuna kidogo.

Saa 3 usiku umeme bado. Naongeza makaa, nahesabu: 14. Mwanangu yuko mlangoni anadai gololi zake.