Hela ya utafiti ipo, ila haijui msimu wa korosho

Meseji ninayopata sana kutoka kwa madogo wanaosoma masters huku Mtwara na Lindi ni hiyo hiyo tu, kaka hela ya fildi inapatikana wapi. Ipo jamani. COSTECH, ile tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, wana mfuko wao wa MTUSATE wa kuendeleza sayansi, wakitangaza changamkia. Wa bahari wawacheki WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi, hao wako hapo Zanzibar tu, wana ruzuku ndogo ndogo za utafiti zinaitwa MARG. IFS ya Sweden, taasisi ya kufadhili sayansi, ilianzishwa 1972 kwa ajili ya watafiti vijana wa nchi kama zetu, wakitangaza ukiwa na masters unaruhusiwa, ila TWAS, akademia ya sayansi ya nchi zinazoendelea, ruzuku zao za utafiti zinataka PhD kwahiyo subiri kwanza. Mfuko wa Rufford wa Uingereza ni wa uhifadhi wa mazingira na wanyama, na wanataka wadhamini watatu wa kukuandikia barua, sasa anza kuwasumbua mapema maana madokta wetu wa chuo mnawajua, barua ya nusu ukurasa inaweza kukaa mwezi.

Kujua pa kuomba ni dakika tano za gugo. Watu wanakwama kwenye kalenda, na hapo ndo mtu wa huku, anayeijua misimu, anatakiwa ampige bao mtu wa Dar halafu hampigi, anakopi ratiba ya andiko la kuomba hela la mtu mwingine, mwezi wa kwanza mpaka wa tatu kukusanya data, basi imeisha.

Chukua ubwiriunga wa korosho, ule ukungu mweupe kama unga. Ugonjwa unashika maua na majani machanga, na huku mikorosho inaanza kuchanua kuanzia kama Juni hivi, ndo wakati watu wanapuliza salfa. Sasa wewe umeomba hela, dirisha la maombi limefungwa Machi, wasome maandiko, waulize maswali, msaini mkataba, hela ipite akaunti ya chuo (hapo sisemi kitu), ukija kushika ni Oktoba, maua hakuna, watu wako kwenye minada wanasubiri malipo na dodoso lako hana muda nalo mtu. Andika kabisa kwenye andiko kwamba hela ikichelewa kupita Mei kazi ya shambani inasogea msimu ujao, na miezi ile ya katikati utafanya nini. Msomaji wa andiko akiona hivyo anajua huyu mikorosho anaijua kweli.

Baharini ndo kabisa. Unataka kuhesabu pweza au kupima mwani Msimbati hapa Mtwara, unaandika siku kumi na tano mfululizo, mfululizo gani wakati maji yanatoka vizuri kwenye bamvua tu, yaani yakijaa na kukupwa sana, siku chache mara mbili kwa mwezi? Halafu upepo wa kusi ukivuma boti haitoki hata ukilipa dabo. Kwahiyo siku zako kumi na tano ni miezi miwili, mitatu, na nauli ni ya kwenda na kurudi mara zote hizo, na bajeti inabadilika yote. Mtu anaweka boti siku moja halafu laptop mpya mbili! Na ukiwa ndani ya hifadhi ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma kuna kibali cha Hifadhi za Bahari, nacho kinakula muda, weka. Barua ya utambulisho ya chuo mpaka imfikie mtendaji wa kijiji nayo ina safari zake.

Posho ya wasaidizi wa pale kijijini msiibane. Bibi anakujibu Kimakonde, wewe umelelewa Tabata, nani atakutafsiria bure? Ila mshahara wako mwenyewe usiupenyeze humo, hizi ruzuku ndogo nyingi hazilipi huo, soma masharti yao kabla hujaanza kuandika.

Mwenye andiko la korosho, mwani au pweza anitumie, nasoma ratiba na bajeti tu, mapitio ya maandiko (literature review) mpelekee supavaiza wako.