Tarumbeta na Mateso ya Yusufu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu juma hili ni Amosi 6:4-6, na naomba tulisome pamoja na Mwanzo 37:23-25.

Amosi anawataja watu wa Samaria wanaojinyosha juu ya vitanda vya pembe, wanakula wana-kondoo wa kundi, wanaimba na kujitengenezea vyombo vya muziki kama Daudi. Ukiishia hapo huoni kosa kwenye huo muziki. Daudi alipiga kinubi mbele za Mungu, na Zaburi ya 150 inatuagiza tumsifu kwa baragumu, kwa vinanda na kwa matoazi. Kosa linatajwa mwishoni: hawahuzuniki kwa sababu ya mateso ya Yusufu. Yusufu hapo ni taifa la kaskazini, wana wa Efraimu na Manase. Lakini nani katika Israeli angelisikia jina hilo asilikumbuke shimo la Dothani? Ndugu zake walimvua kanzu yake, wakamtupa shimoni, kisha wakaketi kula chakula. Yeye yuko chini, wao wako mezani.

Kuna watu ambao muziki wao ulianzia upande wa shimo, na nataka tuwatafakari. Mwaka 1878, katika mji wa Salisbury, kusini mwa Uingereza, Jeshi la Wokovu, kanisa la Kikristo lililojipanga kama jeshi, lilikuwa likihubiri barabarani, na wahuni wakiwafanyia fujo wahubiri. Charles Fry, mjenzi na Mmethodisti, akajitolea pamoja na wanawe watatu, Fred, Ernest na Bertram, kusimama nao kama walinzi. Walikuja na vyombo vyao vya kupuliza: koneti mbili (tarumbeta fupi), tromboni na tuba ndogo, wakasindikiza nyimbo. Hakuna aliyekuwa amewaita kwa ajili ya muziki. Walikuja kusimama kati ya ndugu zao na watu waliotaka kuwaumiza, na matarumbeta yakawa sehemu ya kusimama huko. Baadaye baba huyo aliacha biashara yake, familia nzima ikaingia katika huduma. Alifariki mwaka 1882, na bendi za Jeshi la Wokovu zilikuwa tayari zimeanza kuchipuka katika miji mingine.

Bendi hizo zilipiga nje, kwenye kona za mitaa, kwa kuwa maskini wengi wa miji ile hawakukanyaga kanisani. Ukikaa mtaani na watu, utaona wanakula nini. Mwaka 1891 Joseph McFee, ofisa wa Jeshi hilo huko San Francisco, aliweka chungu mahali wapitapo watu, wakatia sadaka ili maskini wapate mlo wa Krismasi. Mwaka huohuo, jijini London, Jeshi lilifungua kiwanda cha viberiti kisichotumia fosforasi nyeupe, ile iliyokuwa ikioza mifupa ya taya za wafanyakazi. Mimi naviona hivi viwili kuwa kazi moja na ile ya koneti. Sauti iliwakusanya watu, na waliokusanyika wakaonyeshwa mateso ya Yusufu.

Hadi leo, Desemba ikifika, katika miji mingi ya Ulaya na Marekani bendi hizo husimama kando ya vyungu vya sadaka. Mpuliza koneti kwenye baridi anaweka midomo yake juu ya chuma baridi, vidole vinakufa ganzi, sauti inashuka kwa sababu chombo chenyewe kimepoa. Halipwi. Siku nyingine ni mwalimu, muuguzi au fundi wa bomba, na mazoezi ameyafanya jioni baada ya kazi. Kwetu Jeshi la Wokovu liliingia Kenya mwaka 1921 na Tanganyika mwaka 1933. Kanisa hilohilo ambalo Jumapili tunaliona likipita na bendera, ngoma na matarumbeta, ndilo lililoanzisha shule ya watoto wasioona kule Thika mwaka 1946.

Sasa tujitazame. Makanisa yetu mengi yana kwaya nzuri, na mengine yana matarumbeta yanayotuamsha alfajiri ya Pasaka hata mwili ukasisimka. Tunaandaa matamasha ya kununua spika, ya sare mpya, ya kurekodi. Sisemi ni dhambi. Nauliza tu: kwa mwaka mzima, ni mangapi kati ya hayo yameandaliwa kwa ajili ya mtu asiyeweza kuhudhuria, aliye kitandani hospitalini akidaiwa, au aliyepoteza nyumba kwa mafuriko? Na tukiandaa moja la namna hiyo, tufanye mazoezi kama tunavyofanya kwa ajili ya Krismasi. Mhitaji asipewe muziki wa kubahatisha eti kwa sababu ni wa kujitolea. Jambo jingine, nalisema kwa uzito: fedha zihesabiwe mbele ya watu, zisomwe hadharani, na wiki chache baadaye walioimba na waliochanga waambiwe zimefika wapi. Michango mingi imewavunja watu moyo, nao hawana kosa kuwa na wasiwasi.

Turudi kwa wale ndugu. Mwanzo 37 haituelezi kama Yusufu alisema lolote kutoka shimoni. Unaweza kudhani alinyamaza. Lakini miaka mingi baadaye, wakiwa Misri na shida imewabana, wanaambiana wenyewe (Mwanzo 42:21) kwamba waliiona shida ya nafsi yake alipowasihi, wasimsikilize. Kumbe alilia. Kumbe chakula kile kilikwenda na kilio chake kikisikika, na hawakukisahau muda wote huo.

Tuombe. Baba, wabariki wapigaji wa matarumbeta wanaojitolea, waliotoka kazini wamechoka na bado wakaenda mazoezini. Walinde walio barabarani. Utupe sisi masikio, ili tunapopiga na tunapoimba tuendelee kumsikia anayetusihi. Na utuonyeshe juma hili, katika mtaa wetu, ni nani huyo na anahitaji nini. Katika jina la Yesu, amina.